Sikio moja libaki wazi: kwa mnaoanza gofu Mtwara

Siku hizi nawaona vijana wawili watatu ufukweni Shangani wakipiga mipira ya gofu huku spika ndogo inanguruma singeli. Nimefurahi, maana nilipoanza nilikuwa peke yangu, na wapita njia walidhani nafukuza kaa. Ila kuhusu huo muziki nina la kuwaambia, kwa kuwa nami nilianza hivyohivyo.

Singeli ni ya shughuli. Mapigo yake yanavuka 200 kwa dakika, na mwili hauna ubishi, unafuata ngoma. Miezi miwili nilikuwa nainua fimbo kama mtu aliyevamiwa na nyuki, mpira unakwenda kushoto, unaofuata kulia, nami nailaumu fimbo. Waliopima muda wa pigo la fimbo la wachezaji wa kulipwa wamekuta kwamba kuinua fimbo huchukua takribani mara tatu ya muda wa kuishusha hadi mpirani. Kwa hiyo hesabu moja, mbili, tatu unapopandisha, nne unapogonga. Tafuta muziki unaokuachia nafasi ya hesabu hiyo. Mimi naweka taarabu ya zamani, ile ya udi na fidla isiyo na haraka ya kufika popote. Wenzangu wananicheka. Wacheke.

Muziki huo nautumia kwa mipira ishirini ya mwanzo tu, ya kulegeza mabega. Baada ya hapo nazima, na sababu ni mchanga.

Uwanja wangu ni maji yakipwa. Siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mnamo saa nne asubuhi, bahari imeshaondoka mbali na kuacha mchanga uliolowa na kushikamana. Chora mstari kwa ncha ya fimbo, weka mpira juu yake, piga. Ukiupata mpira kwanza, utasikia "tak!" kavu, na alama ya fimbo mchangani itaanzia mstarini kwenda mbele. Ukichimba kabla ya mpira, unasikia "puf", mchanga unakurukia mdomoni, na alama iko nyuma ya mstari. Baada ya wiki chache hutahitaji kutazama alama, sikio litakuwa limeshakwambia. Huyo ndiye kocha wa bure niliyekuwa nimemziba kwa visikizi. (Ukimaliza, osha fimbo kwa maji baridi na uzifute. Chumvi haina huruma, mbili zangu zimeliwa na kutu.)

Kuna na usalama. Asubuhi moja nilikuwa na visikizi masikioni vyote viwili, sauti juu. Nilipiga mpira, ukapinda kulia na kuanguka hatua nne tu kutoka kwa mama aliyekuwa akichokoa chaza. Kumbe alikuwa ameniita mara tatu kuniambia anapita. Alikuja na ndoo yake, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hayo masikio umeyakodisha?" Nilimwamkia kwa kuchelewa, nikamwomba radhi, nikambebea ndoo hadi juu. Tangu siku hiyo natumia kisikizi kimoja, tena cha upande wa baharini, sauti chini. Na kabla ya kila pigo nageuka kutazama nyuma na mbele.

La mwisho ni kwa wanaotaka kwenda kushindana Dar. Kanuni ya 4.3 ya gofu hairuhusu kusikiliza muziki ili kuziba kelele wala kukusaidia mwendo wa pigo. Muziki wa kujiburudisha tu hauna kosa, lakini kamati ya mashindano inaweza kupiga marufuku vifaa hivyo kabisa. Ukivunja, mara ya kwanza ni mapigo mawili ya adhabu yanayoongezwa kwenye hesabu yako, ya pili unatolewa. Mimi sikuadhibiwa, ila niliumbuka kwa njia nyingine: nilisimama shimo la kwanza, kimya kimetanda, watu wananitazama, na mikono yangu ikawa haijui ianzie wapi bila udi. Mpira ulitambaa kama jongoo. Ndiyo maana sasa mipira kumi ya mwisho ya kila zoezi naipiga kimya, nahesabu moyoni, na nyuma yangu kuna upepo na bodaboda za barabarani tu.

Yule mama bado anapita na ndoo yake. Akifika usawa wangu anasimama, anasubiri. Nikisema "Shikamoo mama" kabla hajaniita, ndipo anaendelea na safari.