Maswali ya wasomaji: Mkato haufuati pumzi

Shuleni tulifundishwa kuwa mkato ni kupumzika kidogo na nukta ni kupumzika zaidi. Nafuata hivyo, lakini kila ripoti yangu inarudi imejaa wino mwekundu. Nakosea wapi? (Karani, Dodoma)

Ndugu karani, kanuni hiyo inamfaa anayesoma kwa sauti. Mwandishi akiifuata, pumzi humkatikia pabaya, hasa kati ya kiima na kitenzi chake. Tazama hii: "Wafanyakazi wote waliohudhuria mafunzo ya wiki iliyopita, watalipwa posho Ijumaa." Mkato huo umewatenga watu na jambo wanalosemewa. Ufute, hata kiima kiwe na maneno kumi. Kama bado sentensi inakuchosha, fupisha kiima chenyewe.

Kosa la pili la pumzi ni kugandisha sentensi mbili kwa mkato: "Kikao kiliahirishwa, mwenyekiti alikuwa safarini." Hapo panatakiwa nukta, nuktamkato, au kiunganishi kama "kwa sababu". Lakini "Aliingia, akaketi, akafungua faili" ni sahihi kabisa, kwa kuwa vitenzi vya -ka- vinaegemea kile cha kwanza. Ukiwa na shaka, kitoe kipande cha pili ukisome peke yake. "Akaketi" kinaning'inia; "mwenyekiti alikuwa safarini" kinasimama. Kinachosimama hakiungwi kwa mkato mtupu. Kipe kiunganishi: "Alifika, lakini hakukaa."

Kuna mikato inayogeuza maana, na hiyo ndiyo ya kuilinda kuliko yote. "Mama Asha amefika" inamtaja mzazi wa Asha. "Mama, Asha amefika" inamwita mama na kumpa habari za Asha. Kwenye kumbukumbu za kikao, hatari kubwa iko kwa amba-. "Madereva ambao hawana leseni wasimamishwe" inawagusa wasio na leseni tu. Ukiandika "Madereva, ambao hawana leseni, wasimamishwe", umesema madereva wote hawana leseni na wote wasimamishwe. Yule atakayetekeleza azimio atafuata ulichoandika.

Na kabla ya "kwamba" usiweke mkato. "Alisema, kwamba atakuja" ni kosa tunalolifuta karibu kila wiki.

Niandike "Je umepokea" au "Je, umepokea"? Na swali lisilo na "je" lina haja ya alama? (Msomaji, Mombasa)

Weka mkato baada ya "Je" inayoanza swali. Ile ya mwishoni yenye maana ya "vipi" huungana na kitenzi: "Mmefikaje?"

Alama ya kuuliza ni ya lazima, na katika Kiswahili ni lazima zaidi, kwa sababu hatupangui maneno tunapouliza. "Umepokea barua." na "Umepokea barua?" hutofautiana kwa alama hiyo tu. Swali likiwa limesimuliwa, alama huondoka: "Aliniuliza barua iko wapi."

Nikiandika kwa simu huwa naruka ritifaa (ile alama ya juu kwenye ng'). Ina shida gani? (Mwanafunzi, Morogoro)

"Ng'oa" ni kutoa kitu kilichoshika, kama jino au kisiki. "Ngoa" ni wivu au tamaa, kama katika "kulilia ngoa". Anayekifahamu Kiswahili atakisia ulichokusudia, ila anayejifunza atasoma "ngombe" kwa sauti ya "ngoma".

Jambo moja la kiufundi: nukuu zako ziwe za alama mbili-mbili. Ukitumia alama moja-moja, msomaji akifika kwenye "ng'ombe" anaweza kudhani nukuu imefungwa. Tena ukiiamuru kompyuta ibadilishe alama zote moja-moja kuwa mbili-mbili kwa mkupuo, itaharibu na ritifaa zako zote. Badilisha moja baada ya nyingine.

Napewa kazi za wenzangu nizipitie. Nasoma mara mbili na bado makosa yananiponyoka. Nifanyeje? (Mwalimu, Kisumu)

Mwalimu, makosa yanaponyoka kwa sababu unatafuta yote kwa pamoja huku habari yenyewe ikikuvuta. Pitia mara nne, kila mara jambo moja.

Mara ya kwanza, tazama mwisho wa sentensi tu, ukianzia sentensi ya mwisho na kupanda hadi ya kwanza. Kwa mwendo huo mtiririko haukubebi. Mara ya pili, simama kwenye kila mkato uuulize kazi yake: unatenga vitu vya orodha? Unamtenga anayeitwa? Unafungia maelezo ya nyongeza? Unatangulia "lakini"? Usio na kazi uzungushie duara. Hatua hii ndiyo ndefu. Kwa kurasa tano usiifanye kwa haraka.

Mara ya tatu, hesabu mabano na alama za kunukuu ndani ya kila aya. Idadi ikiwa witiri, kwa kawaida kuna moja haikufunguliwa au haikufungwa. Mara ya nne, tumia kitafutio cha kompyuta: tafuta nafasi mbili zilizofuatana, kisha nafasi iliyo kabla ya mkato au nukta. Hapo hapo tazama vifupisho: sentensi ikiishia na "n.k.", nukta ya pili haiongezwi.

Unaporudisha kazi, andika sababu pembeni ya kila kosa, hata kwa maneno mawili: "kiima kimekatwa", "sentensi mbili". Pale ambapo mwenzako hakukosea ila wewe ungeandika vingine, acha alivyoandika.