Baridi ya Minnesota ikoje? Jibu la wazi kwa mdogo wangu na wengine mnaouliza

Kila nikituma picha ya theluji kwa ndugu, maswali yanarudi yale yale. Mama mdogo anataka kujua kama ninakula. Shemeji anauliza kama ni kweli mate yanaganda kabla hayajagusa ardhi. Sasa mdogo wangu amepata nafasi ya chuo katika mji mdogo huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, jirani na ninapoishi. Masomo yanaanza Januari, naye kaniuliza bila kuzunguka: "Kaka, baridi yenyewe ikoje, nitaiweza?"

Tuanze na la shemeji tulimalize. Mate hayagandi hewani. Maji yaliyochemka ukiyarusha juu yanageuka ukungu, hilo kweli, na kila baridi kali ikija hawakosekani wanaojirushia wenyewe wakaishia hospitali. Kwenda kuungua na maji ya moto wakati nje kumeganda, hiyo nayo ni akili ya aina yake.

Mdogo wangu, baridi utaiweza. Watoto wa shule wanaiweza, na bibi wa miaka tisini wanaiweza. Kitakachokuchosha ni kazi inayokuja na baridi, na hiyo hakuna anayeipiga picha. Baridi ya huku ni ajira ya pili isiyo na mshahara.

Nichukue wiki moja tu, ile ya mwisho wa Januari 2019, maana mpaka leo ndiyo ninayopimia nyingine zote. Ilianza na theluji. Theluji ikianguka watu wanatulia, kwa sababu mawingu yanazuia joto la ardhi lisipotee, na siku nyingi za theluji nzito hazishuki mbali sana chini ya sifuri. Halafu mbingu ikatakata. Huko juu, pepo zinazozunguka Ncha ya Kaskazini zilikuwa zimedhoofika tangu mwanzo wa mwezi, na hewa ya Aktiki iliyofungiwa kule ikateremka hadi kwetu. Jumatano asubuhi, tarehe 30, Minneapolis, mji mkubwa kuliko yote jimboni, ilisoma nyuzi 33 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani inawekwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo siku ile ndani ya friza kulikuwa na joto kuliko barabarani. Hapo sijagusa upepo. Ukiuongeza, ngozi ilikuwa inapigwa na baridi ya nyuzi 45 na kuendelea, na kwa kiwango hicho sikio au ncha ya pua iliyoachwa wazi inaweza kuganda ndani ya dakika tano hadi kumi. Kesho yake kijiji kimoja cha kaskazini kinachoitwa Cotton kikafika nyuzi 49 chini. Posta ya Marekani, ambayo inajisifu kutosimamishwa na mvua wala theluji, ilisimamisha kupeleka barua Minnesota na baadhi ya majimbo ya jirani. Shule zikafungwa, vyuo vikafungwa.

Na siku hizo zote jua lilikuwa linawaka. Hapa ndipo picha zinapowadanganya. Mnaona anga la bluu, theluji inameta, mnaandika "pazuri sana huko, hongera". Huku anga likiwa safi hivyo Januari, ndipo unapotakiwa kuogopa. Hewa ile ni kavu, haina wingu hata moja la kufunika usiku, na joto lote linapanda juu likapotea. Ukiona pembeni mwa jua kuna vijua vingine viwili, kulia na kushoto, vyenye rangi za upinde wa mvua, ujue hewani mna chembe za barafu. Nazo nimezipiga picha mkazipenda.

Ukitoka nje, cha kwanza ni pua. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya ndani vinashikana, ukitoa vinaachana, vinashikana tena. Pumzi inapanda mpaka kwenye kope na kuganda pale, ukipepesa jicho unasikia kope zinanata. Theluji chini ya buti inalia kwa sauti kali, kwichi kwichi, na ukishaizoea sauti hiyo unaweza kukisia nyuzi bila kuangalia kipimo. Ukivaa miwani, ukiingia ndani inafunikwa na ukungu, unasimama mlangoni kipofu.

Sasa gari. Katika mji mdogo huwezi kuishi bila gari. Basi la chuo lipo, lakini saa zake ni zake. Utashangaa kuona magari yana waya wa umeme unaoning'inia mbele, chini ya grili. Hiyo ni hita ya injini. Usiku unauchomeka ukutani ili injini isilale na baridi, maana oili inakuwa nzito na betri inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Asubuhi unaamka mapema kuliko ratiba yako, unakwangua kioo, unaliacha gari lingurume, na ukiliondoa linadunda kwanza, kwa sababu matairi yamekuwa bapa upande uliolalia chini, mpaka yapate moto. Chumvi ya barabarani nayo haifanyi kazi vizuri baridi ikizidi kiasi hicho, kwa hiyo njia panda zinateleza hata zikionekana kavu.

Alhamisi ya wiki ile gari langu lilikataa kabisa. Jirani wa ng'ambo, mzee ambaye hatujawahi kuongea zaidi ya kupungiana mikono, alitoka na waya zake za kubusti bila kuitwa. Akaunganisha, akasubiri liwake, akanyosha kidole gumba, akarudi ndani. Hakusema neno. Mnaniuliza kama watu wa huku wana roho mbaya kwa sababu hawasalimiani barabarani. Kwenye nyuzi 33 chini hakuna wa kusimama kukuuliza habari za nyumbani, lakini gari lisilowaka linaonekana dirishani na mtu anatoka.

Kwa nini nilikuwa natoka siku ambayo posta haitoki? Kwa sababu nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na wazee hawafungwi. Hili, mdogo wangu, nataka ulisikie vizuri, maana najua baada ya chuo utatafuta kazi na kazi za namna hii ndizo zinazotupokea wengi wetu. Gavana anaweza kufunga shule zote za jimbo, kama alivyofanya yule wa Januari 2014, lakini mgonjwa anahitaji kugeuzwa kitandani usiku ule ule. Aliye zamu ya usiku haondoki mpaka wa asubuhi afike, na wa asubuhi gari lake limekwama. Wengine walilala kazini. Bibi mmoja ninayemhudumia alikuwa akitutazama tunavyohangaika na makoti, akasema haya ya sasa ni mchezo, tungekuwepo Februari 1996. Mwaka huo mji wa Tower, kaskazini zaidi, ulifika nyuzi 51 chini, na rekodi hiyo ya jimbo haijavunjwa. Alilisema kwa majivuno kabisa, utadhani aliileta yeye.

Ndani ya nyumba huwezi kuhisi baridi, na hili ndilo msiloliamini. Nakaa na fulana. Mtambo wa gesi unapuliza hewa ya moto kutwa kucha. Ila hewa hiyo ni kavu mno: midomo inapasuka, ngozi inapauka ndani ya saa chache baada ya kupaka mafuta, ukigusa kitasa cha mlango unapigwa shoti. Usiku wa baridi kali unaacha bomba la jikoni lidondoshe maji tone tone na unafungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto liyafikie mabomba, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9 na bomba linapasuka. Unalijua hilo yakiyeyuka na sakafu kugeuka bwawa. Jumatano ile gesi ilihitajika kwa wingi mpaka wateja wa sehemu kubwa ya jimbo wakaombwa washushe joto la nyumba hadi nyuzi 17. Tukavaa masweta ndani.

Bili ya wiki kama hiyo inakuja Februari. Nasema wazi kwa ndugu wote: mwezi wa pili mkiona nilichotuma ni kidogo, msidhani nimeoa. Bili ya kupasha nyumba inaweza kuzidi mara mbili au tatu ya ile ya miezi kabla ya baridi. Jimbo lina kanuni inayozuia watu kukatiwa joto majira ya baridi, ilimradi upatane na kampuni mpango wa kulipa na uufuate. Deni halifutwi, linakusubiri hali ya hewa ikiwa nzuri.

Kuna na giza. Mwishoni mwa Januari jua linatoka saa mbili kasoro na kuzama saa kumi na moja jioni na robo. Ukiingia zamu ya mchana unaweza kukaa siku nyingi bila kuliona. Ngozi zetu nyeusi zinahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, na jua la huku miezi hiyo liko chini mno halisaidii. Daktari atakupima na kukupa vidonge, meza. Na ukijiona umeanza kulala sana, hutaki kupokea simu, chakula hakina ladha, usikae nalo ukisema ni uvivu. Mwambie daktari hilo pia. Nimewaona Waafrika wenzangu waliofika wanacheka, kufika Machi hawatoki chumbani, na nyumbani wanaambiwa "umeanza kujidai". Mama mdogo, akinyamaza mwanao msimu huo, mpigieni simu ya kuongea tu, isiwe ya kuomba ada.

Wiki ile iliishaje? Jumapili theluji ilianza kuyeyuka. Kutoka Alhamisi hadi Jumapili tu, na vijana wakaonekana nje na kaptura. Huo ndio wendawazimu wa huku: nyuzi 3 juu ya sifuri, ambazo kwenu ungelia, wenyewe wanaosha magari. Na wengine hawakutishika hata katikati ya baridi; walikuwa juu ya ziwa lililoganda, ndani ya vibanda vyao, wametoboa barafu wanavua samaki. Nilialikwa. Sitaki.

Basi, mdogo wangu. Waandikie chuo uwaulize kama wanaweza kukusogezea nafasi hadi mwishoni mwa Agosti. Ukija Agosti unakuta jani la kijani, unajifunza njia, unapata leseni ya udereva barabara zikiwa kavu, na baridi inakuingia taratibu kuanzia Oktoba, mwili unazoea. Wakikataa, njoo Januari hiyo hiyo, usiipoteze nafasi. Ila usinunue koti huko. Makoti yanayouzwa huko "ya Ulaya" yamejaa sponji, hapa ni ya Oktoba. Pesa hiyo njoo nayo, tutanunua hapa. Kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku, weka kofia ya kufunika masikio, soksi za sufu na nguo za ndani ndefu zisizo za pamba, kwa sababu pamba ikinyonya jasho inakaa nalo. Usivae soksi mbili kwenye kiatu kinachobana. Damu haifiki vidoleni na utaganda haraka kuliko mwenye soksi moja. Uwanja wa ndege nitakuja na koti lako na glavu zile ambazo vidole vinne vinakaa mfuko mmoja, ndizo zenye joto. Buti pia nitaleta, lakini nitumie saizi ya mguu wako wiki hii, uipime jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, nami nitaongeza namba moja.