Tuta la Kujijengea

SWALI: Mhariri, hapa Majengo bodaboda na tuktuk zapita mbio mbele ya madrasa. Vijana wataka kumwaga zege usiku wajenge tuta. Yafaa? – Mzazi, Mombasa

JIBU: Ndugu mzazi, wazuieni. Tuta la kujijengea huwa jembamba na lenye ncha: huvunja springi za tuktuk, humrusha abiria wa boda, na lisipopakwa rangi dereva hulikuta ghafla gizani. Tuta la kitaalamu huwa na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, upana wa takriban mita 3.7 kufuata mwendo wa gari na mgongo wa mviringo, pamoja na mistari myeupe na kibao cha onyo. Pembeni huachwa njia ya maji. Likiziba, mvua za masika hutuama na lami huchimbika mahali hapo.

Ulizeni kwanza barabara ni ya kaunti au ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Kisha pelekeni huko barua yenye saini za wakazi, picha, na saa watoto wanapovuka. Nakala kwa MCA, mwakilishi wenu katika bunge la kaunti.

Mkingoja, ondoeni meza za biashara na tuktuk zilizoegeshwa karibu na kivuko. Hapo ndipo penye hatari kubwa: mtoto huchomoza katikati yake, dereva asiwahi kushika breki.