Filamu za sayansi na maadili kwa klabu ya shule: anza na isiyo na jambazi

Mwalimu, salaam. Umeuliza filamu tatu nne za klabu ya sayansi ya kidato cha tatu hapo Tudor, Mombasa, za kuonyesha Jumamosi mchana, zenye mzozo wa maadili. Naona walionitangulia wamekujazia maroboti na madinosari. Hizo ziweke siku ya kufunga shule.

Kipimo changu ni kimoja: anayekosea awe mtu mwema. Filamu ikiwa na jambazi wa wazi mjadala hufa dakika ya tano, maana kila mtoto anamlaani na kuapa kwamba yeye asingefanya vile. Ndiyo sababu siitangulizi The Constant Gardener (2005), ingawa ndiyo itakayotajwa na kila Mkenya kwa kuwa ilipigwa Kibera na Loiyangalani. Dawa ya kifua kikuu inajaribiwa kwa maskini, madhara yanafichwa, wanaouliza wanauawa. Ni filamu nzuri sana, lakini kijana wa miaka kumi na sita hana cha kuamua mle.

Anza na Miss Evers' Boys (1997), dakika 118. Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1932, huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya umma ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume weusi 600: 399 wana kaswende, 201 hawana. Wenye ugonjwa waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Walipewa usafiri, chakula na pesa za mazishi, kwa sharti kwamba wakifa maiti ipasuliwe. Kufikia 1947 penisilini ilikuwa ndiyo tiba ya kawaida ya kaswende. Wao wakanyimwa, na utafiti ukaendelea hadi gazeti lilipoufichua 1972. Katikati yupo muuguzi mweusi, mwenzao, anayewapenda na kuwazika. Anabaki kwa sababu akiondoka hawatakuwa na mtu kabisa. Hapo ndipo penye mfupa.

Simamisha mara mbili. Kwanza, muuguzi anapoambiwa fedha za matibabu zimekwisha lakini wagonjwa waendelee kuangaliwa. Pili, penisilini inapopatikana na wao hawapewi. Kila mara, kabla mtu hajafungua mdomo, gawa vikaratasi: aandike "ningebaki" au "ningeondoka" na sababu moja, bila jina. Ukianza kwa mdomo, wasemaji wawili wa kila siku watasema, na waliobaki watawafuata. Visome vyote kwa sauti, ndipo mjadiliane. Usimwambie mtu mapema yatakayotokea.

Kuna makosa mawili yatakayojitokeza. La kwanza, wengi watadai wanaume wale walidungwa ugonjwa. Hapana, walikuwa nao tayari, waliachwa nao. (Walioambukizwa kwa makusudi ni wale wa Guatemala, 1946 hadi 1948, utafiti mwingine wa Wamarekani haohao.) La pili ni la filamu yenyewe: kwa kumweka muuguzi mbele, inawapa nafuu madaktari na idara. Basi waulize: katika chumba kile, nani alikuwa na uwezo wa kusimamisha jambo kwa sahihi moja tu?

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pwani panapoharibika. Sisi tuna mumiani. Mtoto aliyelelewa na hadithi ya watu wanaonyonya damu akitoka kwenye filamu hii bila maelezo, atafika nyumbani na kusema watafiti wote ndio haohao, na KEMRI ya Kilifi, taasisi ya utafiti wa tiba, imekuwa ikifanya majaribio ya chanjo ya malaria kwa watoto wa majirani zetu. Tenga nusu saa baada ya filamu kueleza kilichobadilika: fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha ya mzazi, kamati ya maadili isiyo ya watafiti wenyewe, haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Waonyeshe na kiasi cha damu inayotolewa kupimwa. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Kipitishe kijiko chenyewe mkononi mwao. Kisha rudi kwenye swali gumu: mama asiye na nauli ya hospitali, akiambiwa mwanawe atatibiwa bure akiingia kwenye utafiti, ridhaa yake ni huru kiasi gani? Hapo watakesha.

Ya pili iwe Gattaca (1997), dakika 106. Wazazi wanachagua mimba maabara, na mtaalamu ameshaondoa upara na macho mabovu kabla hawajaulizwa. Simamisha papo hapo. Usiwaache waongelee Marekani. Walete kwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Baba na mama wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa. Lakini mbebaji, mwenye jeni moja tu ya ugonjwa, hukingika kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Je, ukipewa uwezo wa kuifuta jeni hiyo pwani yote, utaifuta?

Three Identical Strangers (2018) ni ya matukio halisi, dakika 96: mapacha watatu waliotenganishwa wachanga New York, kila mmoja akapewa familia ya hali tofauti ili wachunguzwe, bila wazazi kuambiwa. Ndani mna habari ya kujiua, kwa hiyo mjulishe mwalimu wa ushauri nasaha kabla. Oppenheimer (2023) iache: saa tatu kamili, na ina uchi. Kwa zote angalia daraja la bodi ya filamu, GE (ya wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 au 18, kabla ya kutangaza.

Vyombo. Mchana wa Mombasa projekta yenye mwanga chini ya lumeni 3000 haionekani, lazima uzibe madirisha. Ukiziba, joto linapanda na utawasha feni. Feni zikilia, spika ya kompyuta haisikiki. Basi tafuta spika za nje. Kiingereza cha Alabama ni kizito, washa maandishi ya chini, na hakikisha yamo kwenye faili siku moja kabla. Mfasiri aseme wakati filamu imesimama tu. Akisema juu yake mtindo wa DJ Afro, yule mfasiri wa filamu kwa mzaha, watacheka penye kilio.

Anza saa nane kamili. Kwa vile vituo viwili, adhana ya alasiri itakukuta filamu haijaisha. Wape mapumziko ya sala hapo, waliobaki wakusanye vikaratasi. Pamoja na ile nusu saa ya maelezo, waandikie wazazi kwamba watoto watatoka saa kumi na moja u nusu.