Gari Linalozimika Mwendoni: Je, Wito wa Kurejesha Magari Unatuhusu Sisi?

SWALI: Mshauri wetu, shikamoo. Mwaka jana tuliagiza gari la familia la viti saba lililotumika Japani, na tangu mwezi wa tatu limenizimikia mara nne likiwa mwendoni. Mara ya mwisho nilikuwa naingia Barabara ya Thika kutoka Kahawa Sukari, watoto wakiwa nyuma. Injini ilinyamaza ghafla, taa za dashibodi zikawaka, usukani ukawa mzito kana kwamba umefungwa, na basi lililokuwa nyuma yangu likanikwepa kwa hatua chache tu. Fundi amebadilisha plagi mara mbili na chujio la hewa mara moja. Kila mara gari hutulia wiki mbili, kisha hurudia yale yale. Binamu yangu aliyeko Marekani anasema huko magari ya aina hii yaliitwa na mtengenezaji ili yarekebishwe bure, lakini alipoingiza namba ya gari langu kwenye tovuti ya serikali ya huko, ilikataliwa. Je, maana yake gari langu halina kasoro hiyo?
— Mama wa watoto watatu, Kahawa Sukari

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa mshtuko huo. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake limewapoteza wengi: kukataliwa kwa namba hakusemi lolote kuhusu usalama wa gari lako. Tovuti ya Marekani husubiri namba yenye tarakimu na herufi 17, ilhali gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huwa na namba fupi ya chasisi yenye mafungu mawili yaliyotenganishwa kwa kistari. Namba hiyo haitambuliki huko hata kama pampu ya mafuta iliyomo ndani ya tangi lako ilitoka katika kiwanda kilekile.

Nataja pampu kwa makusudi. Januari 2020, Toyota ilitangaza kurejesha takriban magari 700,000 nchini Marekani kwa sababu ya pampu ya mafuta iliyotengenezwa na kampuni ya Denso, na kabla ya mwaka huo kwisha idadi ya magari yaliyohusika duniani ilikuwa imepita milioni 5. Watengenezaji wengine waliotumia pampu hizo, Honda miongoni mwao, nao walitoa wito wao. Ndani ya pampu hiyo mna feni ndogo ya plastiki, pana kidogo kuliko sarafu ya shilingi 20, inayozunguka ndani ya nafasi nyembamba mno. Plastiki ya baadhi ya feni hizo haikushikamana vya kutosha, ikapata nyufa ndogo na kufyonza petroli, kisha ikavimba hadi ikaanza kusuguana na ukuta wa pampu. Feni ikikwama, mafuta hayafiki kwenye injini, na gari huzimika hata kama plagi ni mpya kabisa. Ndiyo maana naona kazi ya fundi wako, ingawa aliifanya kwa nia njema, ilianzia mahali pasipo.

Hata hivyo sisemi kwamba hilo ndilo lililolipata gari lako, maana hukutaja chapa, na injini huzimika kwa sababu nyingi. Mlango wa hewa, yaani vali inayoruhusu hewa kuingia kwenye injini, ukijaa masizi huzima gari hasa unapopunguza mwendo kukaribia foleni. Sensa ya mzunguko wa injini iliyochoka mara nyingi huzima gari likiwa limepata joto, kisha likawaka tena likipoa. Na petroli chafu huleta shida muda mfupi baada ya kujaza tangi. Mwaka 2014, Chrysler ilirejesha maelfu ya magari ya familia kwa sababu swichi ya kuwashia iliweza kuteleza ikatoka mahali pake pa kuendeshea, na ikiteleza injini huzimika na mifuko ya hewa huenda isifunguke. Wenye magari hayo waliambiwa waondoe kila kitu kwenye pete ya ufunguo. Ikiwa gari lako ni la kuzungusha ufunguo, tazama pete yako leo: kama inabeba funguo za nyumba, za duka na kufuli la geti, zitenganishe. Hatua hiyo haina gharama.

Sasa kuhusu wito wenyewe. Barua ya kurejesha gari hutumwa kwa mmiliki anayejulikana na mtengenezaji, na gari likishapakiwa melini kuja Mombasa, anwani hiyo hubaki ya mtu aliyeliuza kule Japani. Barua haivuki bahari pamoja na gari. Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kusafirishwa, ule unaotakiwa na Shirika la Viwango la Kenya, huangalia hali ya gari siku ile; hauwezi kuona ufa ndani ya feni iliyozama kwenye tangi. Kwa hiyo ni wewe utakayeufuata wito. Chukua namba ya chasisi kutoka kwenye cheti cha umiliki, ilinganishe na ile iliyo kwenye gari lenyewe, kisha uiingize kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, sehemu ya kutafutia magari yaliyoitwa. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini simu yako itautafsiri vya kutosha kueleweka. Ukikuta gari lako limo, chapisha ukurasa huo.

Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kwa msambazaji rasmi wa chapa hiyo hapa Nairobi. Usifike ukidhani analazimika kukutengenezea bure, kwa maana si yeye aliyekuuzia, lakini muulize kwa maandishi na uombe jibu kwa maandishi. Akisema utalipa, angalau utakuwa umejua kipuri halisi kinachotakiwa. Hapa nakusihi sana: usimruhusu mtu akufungie pampu iliyong'olewa kwenye gari kuukuu kutoka Japani, hata ikiwa bei ya maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road inavutia, kwa sababu inaweza kuwa ilitoka katika kundi lilelile lenye kasoro. Nunua mpya, na ulinganishe namba ya kipuri kabla ya kulipa.

Kabla ya yote hayo, mpe fundi kazi mbili ambazo hajazifanya: apime shinikizo la mafuta kwa geji, na asome kumbukumbu za kompyuta ya gari kabla ya kuzifuta. Nawe uwe na daftari garini, uandike kila linapozimika: ulikuwa mwendo gani, injini ilikuwa na joto au baridi, na ulijaza mafuta lini. Hadi shinikizo litakapopimwa, tafadhali watoto wapande basi la shule.

Likizimika tena ukiwa peke yako, usiung'oe ufunguo, kwa kuwa usukani unaweza kujifunga. Washa taa za tahadhari, ushike usukani kwa nguvu kwa mikono miwili, kisha ukanyage breki kwa mkanyago mmoja tu na kuishikilia. Nguvu iliyobaki katika msaidizi wa breki, yaani kifaa kinachouongezea mguu wako nguvu, ni ya kukanyaga mara chache tu, na ukikanyaga na kuachia huimaliza yote. Elekea ukingo wa kushoto. Gari likisimama, watu watoke kwa upande wa kushoto na wasimame mbali na lami.

SWALI: Nilithibitisha kwamba gari langu liko kwenye orodha ya yaliyoitwa, lakini sijalitengeneza na nimepata mnunuzi. Je, nalazimika kumwambia?
— Msomaji, Ongata Rongai

JIBU: Ndiyo, mwambie, na uandike jambo hilo katika mkataba wa mauzo. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa, haki ya kulindwa usalama wake, na haki ya fidia kwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro. Ibara hiyo inawalenga zaidi wanaofanya biashara, lakini mnunuzi aliyefichwa jambo kama hili anaweza kukufikisha katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na ukurasa uliouona wewe utakuwa ushahidi dhidi yako. Mpunguzie bei kwa kiasi cha pampu mpya na kazi ya kuifunga, au uifunge mwenyewe kabla ya kumkabidhi, na umpe risiti pamoja na ule ukurasa.