Subaru STI imepiga mzinga, ninunue nitengeneze au nipotezee?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi nipo Tabata, Dar, na toka nasoma sekondari ndoto yangu ni Subaru Impreza STI, ile ya 2004 yenye bawa kubwa nyuma. Sasa kuna jamaa anauza yake milioni 9, imepiga mzinga mbele, aliingia nyuma ya lori. Nzima watu wanauza 22 mpaka 25 so naona kama dili. Vilivyokufa ni bampa, boneti, taa zote mbili na rejeta, eabegi ya dereva imetoka ya abiria haijatoka, na tairi la mbele kushoto limerudi nyuma kidogo. Injini anasema haijaguswa ila betri imekufa so hatujaiwasha. Fundi wangu wa bodi kaicheki kasema milioni 4 tu inarudi kama mpya. Nina 10 za saccos, zingine nitajazia kwenye mshahara taratibu. Nataka niwe naenda nayo kazini kila siku. Nichukue?
Msomaji, Tabata

JIBU: Mdogo wangu, umenitajia taa na bampa kwa uchungu kabisa, halafu katikati hapo ukapitisha "tairi limerudi nyuma kidogo" kama vile unataja saiti mira iliyovunjika. Mi nimesoma hiyo sentensi nikaacha kusoma zingine kwanza. Bampa linanunuliwa, taa zinanunuliwa. Tairi halirudi nyuma hivi hivi, kuna chuma kimelirudisha, na hicho chuma ndo kinaamua kama hii ni gari au ni spea.

Kinaweza kuwa kitu kidogo, mkono wa chini umepinda na bushi zimekatika, hapo unabadilisha maisha yanaendelea. Au krosimemba iliyobeba injini imesogea. Au, na hapa ndo pabaya, ule mkono wa chesisi wa kushoto umejikunja na pale juu shokapu inapokaa pamehama. Impreza haina chesisi ya peke yake kama ya pikapu, bodi ndo chesisi, mabati yamechomelewa pamoja kiwandani, so ukipinda pale mbele umepinda gari zima na kuinyoosha kunataka mashine ya kuvuta yenye vipimo, sio mnyororo na mti wa mwembe.

Sasa fanya hivi kabla hujatoa hata mia. Nyoosha stelingi, chukua tepu, pima katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya tairi la nyuma, kushoto, halafu kulia. Tofauti ya milimita chache ni bushi zilizochoka, ikifika sentimita na kuendelea ujue kuna chuma kimepinda. Kisha fungua boneti (kama bado inafunguka) upime mshazari: nati ya shokapu ya kushoto mpaka kona ya ukuta wa nyuma kulia, halafu ugeuze upande wa pili, zikitofautiana injini imekaa kwenye boksi lililopinda. Angalia na milango ya mbele, uwazi kati ya mlango na madigadi uko sawa juu na chini? Mlango unafunga bila kuunyanyua? Paa je, lina mawimbi juu ya nguzo ya kioo? Likiwa na mawimbi rudi nyumbani, hata chai usinywe hapo.

Halafu hiyo "injini haijaguswa". Kaguswa nani basi? Subaru injini yake imelala na imekaa mbele ya ekseli ya mbele, yaani ukitoa rejeta na feni zake kinachofuata ni kava za taiming belti, ule mkanda wa meno unaoendesha valvu za injini. Rejeta imekufa na we unaambiwa injini salama, mi siwezi kuamini mpaka nione kava na puli kwa macho. Na hii ni injini ambayo belti ikiruka meno valvu zinagongana na pistoni, so msije mkaleta betri mkapiga selfu kwa furaha. Fundi wa injini, sio wa bodi, atoe kava aangalie belti, aizungushe injini kwa mkono na spana mizunguko miwili kamili, ikikaza asilazimishe. Ikizunguka vizuri ndo apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, kwenye silinda zote nne. Na muulize muuzaji baada ya ajali aliendesha au ilivutwa, maana kuna watu wanaendesha rejeta inavuja mpaka nyumbani halafu wanakwambia injini nzima.

Eabegi nayo inanipa wasiwasi. Kwenye gari za umri ule kishindo kikiwa cha mbele kawaida hutoka zote mbili, sasa ya abiria kwa nini imebaki? Inawezekana haipo, ilishatoka kwenye ajali ya zamani wakaziba dashibodi. Betri ikishapatikana washa switchi tu uangalie taa ya eabegi, inatakiwa iwake sekunde chache izime. Ikibaki inawaka ina shida, isipowaka kabisa kuna mtu ameifanyia ujanja. Kuirudisha sawa ni mfuko mpya, kontrol boksi yake na mikanda ya mbele ambayo nayo inakuwa imeshajivuta, na nakuhakikishia hiyo haimo kwenye milioni 4 za fundi wako.

Fundi wako sio mwongo, kapiga hesabu ya bodi na rangi, kazi yake. Mwambie aandike kila kitu kwenye karatasi utaona kisichokuwepo: kondensa ya AC, feni, waya za mbele, mkono wa chini, shokapu, stelingi raki, draivshafti, belti. Na boneti ya STI ni aluminiamu, hainyooshwi kwa nyundo kama ya Corolla. Afu ukienda Shaurimoyo kutafuta spea kuwa makini na sura, Impreza za kizazi hicho zina sura tatu: yenye macho ya mviringo, ya katikati kama yako, na ya mwisho. Ukiuziwa taa za ile ya mwisho kwa bei ya kutupa, utajikuta unabadilisha boneti, madigadi na bampa kuzifuata. Rimu pia, STI ya 2004 matundu yake ni 5x100 (matundu matano kwenye duara la milimita 100) na kuanzia toleo la 2005 ni 5x114.3, haziingiliani.

Swali lingine ambalo hujamuuliza jamaa: bima je? Kama alikuwa na bima kubwa kwa nini anauza mwenyewe? Labda alikuwa na ndogo, sawa. Labda bima walikataa kulipa, basi ujue kwa nini. Na labda walishamlipa, maana yake mkweche huo ni mali ya kampuni ya bima na we unanunua kitu cha mtu mwingine. Uone kadi orijino yenye jina lake, ripoti ya polisi ya ajali, na uhakiki TRA kabla ya pesa.

Hesabu yangu kwa namba zako mwenyewe: 9 ya kununua, matengenezo mi naweka 8 kwa ulichonieleza, tayari 17. Na ikishapona haiuzwi 22, STI sio nyingi mjini na wanaozijua wataijua kuwa ndo ile ya lori, ukipata 17 shukuru. So unakopa saccos, makato yanaanza mwezi ujao, gari iko juu ya mawe gereji, we unapanda daladala kwenda kazini, na faida haipo. Kwa milioni 9 mi nakataa. Vipimo vikitoka safi na kompresheni ikiwa sawa, mpe 5, ukibanwa sana 6. Vikikataa aiuze kama spea, injini na gia boksi ya spidi sita pekee zina wateja wao.

Na ya kwenda kazini kila siku tafuta kitu kingine kwa kweli.

SWALI: Nimeona Toyota 86 ya 2013 mnada wa Japan, bei nzuri mno ila gredi ni R. Niikimbie?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Sio lazima. R ni gari iliyopata ajali ikatengenezwa, na Wajapani hawahesabu boneti au madigadi ya kufunga kwa nati, wanahesabu mifupa: nguzo, sakafu, paa, mikono ya mbele na kadhalika. Omba karatasi yenyewe ya mnada, sio maelezo ya dalali. Kwenye mchoro XX ni kipande kilichobadilishwa, W ni palipopigwa rangi pakabaki na mawimbi. Kama kilichoguswa ni paneli ya rejeta tu na bei imeshuka vya kutosha, chukua. Kikiwa ni nguzo au sakafu acha, na dalali akisema karatasi imepotea nayo acha.