Uliza Fundi: Nimesevu mafaili 600 na sioni kitu

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi niko Paje, Unguja, nasoma shahada ya uzamili na utafiti wangu ni kilimo cha mwani. Tangu mwaka juzi nasevu kila kitu, PDF, skrinshoti, linki ninazojitumia mwenyewe WhatsApp, sauti za akinamama wakulima nilizorekodi, juzi nimehesabu zimefika kama 600 hivi. Msimamizi wangu akiniuliza hii habari ya mwani mnene kufa umeitoa wapi, nakaa nusu saa naskroo na siipati. Shoga yangu kaniambia tumia AI, hii akili mnemba, ikutengenezee wiki yako binafsi. Wiki ndo nini hiyo, maana mi nilidhani ananiambia niombe likizo! Na nikiipa mafaili yote itanipangia? — Mwenye Mafaili, Paje

JIBU: Marahaba mwanangu. Likizo nayo unaihitaji, ila tuanze na hili. Wiki hii haihusiani na Jumatatu mpaka Jumapili, ni neno la Hawaii, kwao wiki wiki ni haraka haraka, na pale uwanja wa ndege wa Honolulu kulikuwa na basi la abiria lenye jina hilo, sasa Mmarekani mmoja Ward Cunningham alipotengeneza tovuti ya kwanza ya namna hii mwaka 1995 akaliazima. Yenyewe ni kurasa fupi fupi zilizoshikana, kila jambo na ukurasa wake, ukigusa jina unahamia ukurasa mwingine. Wikipedia unaijua, basi hiyo yako itakuwa ndogo, ya mwani tu, na msomaji ni wewe.

Sasa, usiipe mafaili 600 kwa mpigo. Kila AI ina kiasi chake cha maandishi inachoweza kukishika kwa wakati mmoja, ukiijaza inaanza kuruka, ya mwanzo na ya mwisho inayakumbuka, ya katikati inayapitia kama mwanafunzi usiku wa kuamkia mtihani, alafu inakujibu kwa kujiamini kabisa kana kwamba imesoma yote. Ipe moja moja, ukizidisha sana matano.

Kabla hujaipa hata moja, fungua folda mbili kwenye laptopu. Ya kwanza iite ASILI, humo yanakaa mafaili yako kama yalivyo na AI haiandiki kitu humo, inasoma tu. Ya pili iite KURASA, humo ndo inaandika. Usije ukazichanganya, ntakwambia kwa nini hapo mbele. Linki nazo usiziache zikiwa linki, fungua kila moja uushushe ukurasa wenyewe uwe faili, kwa sababu linki ni anwani tu na mwenye nyumba akihama hakuagi. Kulikuwa na huduma ya kuhifadhi makala inaitwa Pocket, ya Mozilla, watu walijaza humo miaka na miaka, Julai 2025 ikafungwa, waliokuwa hawajahamisha vitu vyao wakabaki kuhangaika. Kurasa zako ziwe maandishi ya kawaida tu, ambayo programu yoyote inaweza kuyafungua. Mimi nazifungulia kwenye Obsidian, programu ya kuandikia na kusomea kurasa za namna hii, haina malipo kwa matumizi ya kawaida na mafaili yanabaki kwako, ukiandika jina la ukurasa ndani ya mabano mraba mawili mawili, hivi [[mwani]], linageuka njia ya kwenda huko.

Maagizo ninayoipa AI nayaweka kwenye faili lake, sirudii kuyaandika kila siku. Yangu yanasema hivi: "Soma faili hili moja tu. Toa madai yaliyomo, kila dai mwishoni liwe na jina la faili na namba ya ukurasa. Tazama kama jambo hilo lina ukurasa tayari, kama upo ongeza humo, usifungue mwingine. Likipingana na lililokuwepo, usichague mshindi, yaweke yote mawili pamoja na mwaka na mahali. Usichokikuta kwenye faili usikiandike." Ukimaliza iambie iandike mstari mmoja kwenye daftari la kazi: leo nimesoma faili gani, nimegusa kurasa zipi.

Hapo kwenye kupingana ndo pana utamu, na kwako wewe ndo penyewe. AI inapenda suluhu kama mzee wa baraza. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza hapo hapo ulipo mwaka 1989, kwa hiyo una makala za miaka ya mwanzo zinazousifia mwani mnene, na za baadaye zinazosema maji yamepata joto, mwani unashikwa na ugonjwa ule wa kugeuka mweupe na kukatika, wakulima wanabaki na mwembamba ambao bei yake iko chini. Ukiiachia AI ichanganye itakuandikia "mwani unastawi vizuri ingawa kuna changamoto". Sentensi hiyo msimamizi wako akiiona atakurudishia kazi yote, na ana haki.

Kingine, fungua ukurasa wa majina mapema kabisa. Akinamama wanasema mwani mnene, mnunuzi anasema cottonii, makala mpya zinasema Kappaphycus alvarezii, makala za zamani utakuta Eucheuma cottonii, na kitu ni kile kile. Mwembamba nao ndo spinosum, ndo Eucheuma denticulatum. Usipoiambia, itakufungulia kurasa nne za mmea mmoja, au vibaya zaidi, ione neno "mwani" kwenye sauti ya mama mmoja ibandike maneno yake yote kwenye mmea asiouzungumzia.

Sasa kwa nini ASILI isiguswe. Mimi nina wiki yangu ndogo ya karafuu, starehe zangu tu. Siku moja nasoma ukurasa nakuta imeandikwa kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Pemba na Unguja ikanusurika. Nikasita, maana mimi babu yangu Mpemba na hadithi niliyokuzwa nayo ni kinyume. Nikafuata jina la faili lililo mwishoni mwa sentensi, nikafungua ukurasa wa kitabu nilioupiga picha, na kweli, Unguja ndo iliyolala chini, Pemba ikapona kwa kiasi kikubwa na ndo maana baadaye karafuu nyingi zikawa za Pemba. AI ilikuwa imegeuza visiwa. Sentensi imenyooka, Kiswahili safi, chanzo kimetajwa sawasawa, kilichomo uongo. Ningekuwa nimefuta picha ile nikidhani "si imeshaingia kwenye wiki", ningebishana na nani? Kwa hiyo kila wiki, hii ya siku saba sasa, chagua madai kumi uyafuate mpaka kwenye chanzo. Na lolote unalotaka kuliweka kwenye tasnifu, lifuate bila kukosa.

Zile sauti za akinamama usizipakie hivi hivi. Majina, namba za simu, nani anadaiwa na nani, vitoe kwanza, mpe kila mmoja namba, M1, M2, na orodha ya nani ni nani ikae kwenye daftari la karatasi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ila hata isingekuwepo, mama kakuhadithia wewe, hakuihadithia kompyuta ya mtu asiyemjua.

Anza na ishirini zile unazoulizwa kila siku. Zilizobaki zitaingia zikihitajika, na nyingine, nisikufiche, hutazigusa tena maishani.

SWALI: Fundi habari. Mimi mwalimu mstaafu, Morogoro. Nina vipande vya magazeti tangu miaka ya themanini, nimevipiga picha kwa simu. Laptopu sina. Itawezekana? — Mwalimu

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Inawezekana, AI nyingi siku hizi zinasoma maandishi kwenye picha, na Obsidian ipo ya simu. Piga picha mchana dirishani, gazeti likiwa limenyooka, kipande kimoja picha moja, na tarehe ya gazeti ionekane au uiandike mwenyewe pembeni, kwani kipande kisicho na tarehe AI itakibahatishia. Tarakimu zihakiki kwa macho yako, karatasi ikishapata manjano 3 na 8 zinafanana, 1 na 7 ndo usiseme. Picha nazo ziweke nakala mahali pa pili, simu inaibiwa Mwalimu.

SWALI: Niaje Fundi. Mi naona hii ya AI kukutengenezea wiki ni uvivu tu, mtu asome mwenyewe. Yule profesa Mjerumani Luhmann si aliandika kwa mkono kadi zake za kuwekea aliyoyasoma na kuyawaza? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Poa ndugu yangu. Niklas Luhmann aliandika kadi kama 90,000, nakubali, na nusu ya maneno yako nayakubali pia. Kuandika kwa maneno yako mwenyewe ndo kuelewa kwenyewe, kwa hiyo mimi juu ya kila ukurasa naacha mistari mitano ya kwangu ambayo AI imekatazwa kuigusa. Kwenye karafuu zangu mistari hiyo ndo ninayoikumbuka, huko chini nashuka kutafuta namba tu. Kupanga, kuunganisha, kukumbuka kwamba jambo hili lilitajwa pia kwenye faili la mwaka jana, hiyo kazi ya karani sioni aibu kuigawa. Kusoma nikiiachia, basi yatanikuta ya wale mawakili wa New York mwaka 2023, waliopeleka mahakamani kesi zilizotungwa na AI bila kuzifungua hata moja, jaji akawatoza faini ya dola 5,000.